Lita Arobaini na Nane

Mama alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa kipimo mbele ya nyumba, na nilipomaliza darasa la saba na kukaa naye pale kwenye benchi, kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa hiki: nunua alfajiri, uza mchana. Mafuta yakiwa baridi hujikunja, yakipata jua hujinyoosha. Dumu ulilojaza alfajiri hadi kwenye mstari, ikifika saa nane limeshapita mstari, na kile kilichozidi ndiyo mboga ya jioni. Wateja hawakujua. Mimi nilijua nikanyamaza, kwa sababu ni mama na kwa sababu mboga niliila. Nalisema hili mapema ili mtu asije akafikiri kwamba mimi ndiye niliyezaliwa na haki mkononi.

Mwaka wa tano sasa niko gereji kwa mjomba, kaka yake mama. Naosha vipuri, nashona viti, na siku ya mashindano mimi ndiye mmimina mafuta. Mashindano yenyewe ni ya saa kumi na mbili, tangu jua linapotoka hadi linapozama, kuuzunguka uwanja wa ndege wa zamani ambako hakitui tena chochote isipokuwa kunguru. Anayezunguka mara nyingi zaidi ndiye mshindi. Magari karibu yote ni ya petroli. Letu ni la dizeli, na injini yake mjomba aliitoa kwenye gari bovu la kusambazia mikate, ndiyo maana watu waliliita Mkate. Mwaka wa kwanza tulipopanga mstari walikuwa wanatuuliza kama tumebaki na ya jana. Tukikanyaga mafuta na moshi mweusi ukitoka, uwanja mzima ulipiga kelele kwamba mkate unaungua.

Mkate ukashinda. Mwaka uliofuata ukashinda tena.

Hapo kicheko kikakoma, malalamiko yakaanza. Kombe lile, likichukuliwa mara tatu mfululizo, linabaki kwa mwenyewe moja kwa moja, na mjomba alikuwa ameshapigilia rafu ukutani kwa ajili yake, juu ya meza ya vifaa, na kuipaka rangi. Wenye magari ya petroli wakaenda kwa kamati. Wakasema dizeli inakula kidogo, inakwenda mbali, na kila wao wanapoingia kujaza sisi bado tunazunguka; hayo si mashindano, ni dhuluma. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa miwani anayeongea kana kwamba kila neno analitoa mfukoni mwake, akatuita. Akasema lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko lita moja ya petroli, kwa hiyo ili wote wawe sawa, wao watakuwa na tangi la lita sitini na sisi arobaini na nane.

Kuhusu nguvu ya lita hakudanganya. Lakini hakuna aliyetaja kwamba injini yetu ina uzito wa ng'ombe wawili, wala kwamba kwenye njia iliyonyooka wao hutupita kama tumeegesha. Walipima kile tulichowazidi tu. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa mzee, akatoka nje na kuipiga teke ndoo iliyokuwa njiani. Ilikuwa ndoo yangu ya kuoshea vipuri, na nilikuwa nimetoka kuijaza.

Kupunguza tangi ni kazi rahisi. Unafungua bati la juu, unaweka ndani chupa tupu zilizofungwa vizuri, unazikaza kwa wavu ili zisielee, unafunga. Chupa nane za lita moja na nusu ni lita kumi na mbili, na sitini ukitoa kumi na mbili unabaki na arobaini na nane. Nilitafuta chupa nane za oili, zile nene, nikaziosha kwa sabuni, nikazikausha. Mjomba alipoziona akaniambia niziweke kando, nilete chupa za maji ya kunywa. Nilimwambia zile ni laini. Akasema hizo za oili zitachafua mafuta. Nilishaziosha mpaka unaweza kuzinywea chai, lakini sikubishana. Nikaleta za maji. Mkaguzi wa kamati akaja, akapima, zikaingia lita arobaini na nane kamili, akaweka lakiri juu ya bati lisifunguliwe tena; kuanzia hapo wao hukagua lakiri, hawahesabu madumu.

Siku ya mashindano Mkate aliuendesha mtoto wa mjomba, ambaye mimi humwita kaka; baba yake alimpokea asubuhi tu. Utaratibu wetu wa kujaza ni mmoja: gari likiingia, mimi namimina, hakuna mwingine anayegusa mdomo wa tangi. Kamati imempa kila mtu madumu ya aina moja, ya bati, lita ishirini, shingo nyembamba yenye mstari mwekundu, na sisi tumeongezewa dogo la lita nane. Mawili makubwa na dogo moja, kwisha. Nikifunga kifuniko nagonga paa mara mbili. Paa likigongwa mara mbili, dereva anaondoka hata kama amesimama malaika mbele yake. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeiweka sheria hiyo, baada ya mwaka wa kwanza watu watatu kumwambia kaka nenda, simama, nenda kwa wakati mmoja.

Kibanda kinachofuatia chetu kilikuwa cha mtu tunayemwita Barafu. Anauza samaki wa kugandishwa na mabonge ya barafu, ana gari la petroli jekundu lenye sauti ya nyuki, na nyuma ya kibanda chake alikuwa ameegesha lori la friji. Asubuhi alitutania kwamba akishinda atatupa samaki tule na mkate. Mjomba akamjibu kwamba samaki wake wana umri wa kupiga kura. Wakacheka wote wawili. Nilidhani lori ni la soda.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Gari likishaondoka sina kazi kwa zaidi ya saa nzima, kwa hiyo naangalia. Saa tano na kitu jua lilikuwa linachoma hadi lami ya uwanja inanata kwenye kandambili, na nikaona madumu ya Barafu yamepangwa chini ya turubai, yanatoka jasho. Matone yalikuwa yanateremka kwenye bati na kufanya duara la maji chini. Ya kwetu yalikuwa makavu, ya moto, huwezi kuyashika bila glavu. Nikakaa nikitazama matone yale, na nikamwona mama kwenye benchi lake.

Petroli iliyotoka kwenye friji. Lita sitini kwenye mstari, lakini ndani ya tangi, ikipata joto, inakuwa lita sitini na moja na nusu. Kila wakijaza wanapata karibu mzunguko mzima wa bure. Sisi tumekatwa lita kumi na mbili kwa jina la usawa, na jirani yetu anapewa nyongeza na friji ya samaki.

Saa sita kamili kaka aliingia kujaza mara ya tano. Alipoondoka nikamwambia mjomba. Alienda kuyagusa madumu mwenyewe, akarudi na kiganja kimelowa, tukafuatana hadi kwenye meza ya kamati. Mwenyekiti alikuwa anakunywa maji, na nilitamani kumuuliza kama na yeye anayapima. Mjomba akaeleza, mimi nikaongezea habari ya kujikunja na kujinyoosha. Mwenyekiti akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia darasa la saba, na kuuza mafuta ya taa. Akatabasamu kwa upole, ule upole unaofungia mtu mlango.

"Binti, kanuni inasema lita," alisema. "Haisemi baridi, haisemi moto. Wao wana lita sitini, nyinyi arobaini na nane. Rudini mkashindane."

Kurudi kule sikumbuki nilikanyaga wapi kwa hasira. Mkaguzi aliyepangiwa vibanda vyetu viwili, kijana wa fulana ya njano, alikuwepo akasikia yote, na alinitazama kidogo, halafu akajifanya anahesabu karatasi zake.

Mara ya sita ilikuwa saa saba na dakika kumi. Kaka alikuwa amekanyaga sana, na Mkate uliingia unakohoa, nusura uzime pale mlangoni. Tangi lilikuwa limekauka. Nikamimina dumu la kwanza, la pili, nikamaliza na dogo. Kwenye tangi kavu, lita arobaini na nane zinatakiwa zionekane mdomoni, ziking'aa. Nilichungulia. Kulikuwa na giza.

Nilishika dumu tupu nimesimama. Mjomba akaweka dumu jingine mikononi mwangu, akasema mimina. Nikamimina, kwa mazoea ya mkono tu, na dizeli ilipoonekana mdomoni, kwenye dumu zilikuwa zimetoka lita tatu. Nikafunga. Nikagonga mara mbili.

Lita tatu ni chupa mbili.

Dizeli si kama petroli. Inayobaki bila kuchomwa inarudishwa kwenye tangi kutoka kwenye injini, na inarudi ikiwa ya moto. Chupa ya oili inavumilia. Chupa ya maji inalainika, inagongwagongwa na wenzake saa saba mfululizo, halafu inapasuka, na pale palipokuwa na hewa panaingia mafuta. Lakiri ikiwa mahali pake, safi. Nikayakumbuka machupa yangu ya oili niliyoyaosha, yaliyopangwa kando ukutani kama watoto walioambiwa wasubiri.

Nilimfuata mjomba nyuma ya kibanda, alikokuwa anakagua tairi. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama alijua zitapasuka. Hakuinua kichwa. Akasema tairi hili limebaki kidogo. Nikauliza tena.

"Barafu kaiba lita moja na nusu kila akijaza," alisema. "Mimi nimejirudishia zangu. Unalilia nini?"

"Chupa ulizichagua juzi, mjomba. Friji tumeiona leo."

Hapo akainua kichwa. Huyu ni mtu anayebishana hata na redio. Akasema kwamba waliomkata lita kumi na mbili hawakumuuliza, kwamba injini ile kaijenga kwa mikono yake, miaka mitatu, vipuri vya kuokota, na kwamba mtoto aliyemlea mwenyewe haji kumfundisha haki mbele ya watu. Hakupaza sauti. Akarudi kwenye tairi.

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi, lakini ilikuwa hasira nzuri, unaweza kuisimamia. Nilikuwa na haki mimi na kiganja kilicholowa cha mjomba. Sasa kila nilipoyatazama madumu ya Barafu yakitoka jasho, hasira ilikwenda nusu njia ikarudi na kunikuta mimi. Chupa moja iliyopasuka ni lita moja na nusu. Baridi yao ni lita moja na nusu. Tulikuwa tumefanana hadi kwenye desimali, na mwenyekiti, yule mwenye upole, ndiye peke yake aliyebaki anaonekana mtu wa haki. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mara ya saba na ya nane mjomba alisimama karibu yangu na dumu la ziada, na nikamimina. Niseme ukweli, nilimimina. Lita hamsini na moja, halafu hamsini na mbili na nusu. Chupa ya tatu ilikuwa imekwenda. Kaka hakujua chochote, alikuwa anaongoza kwa nusu mzunguko na kunionyesha dole gumba.

Mara ya tisa, ya mwisho, ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Kuanzia pale hadi mwisho ilibaki saa moja na dakika kumi. Kwa lita hamsini na mbili na nusu kaka angekanyaga bila huruma hadi bendera. Kwa arobaini na nane angelazimika kubembeleza. Mkate ukaingia mkavu. Nikamimina dumu la kwanza. La pili. Nikamimina dogo, nikalitikisa hadi tone la mwisho. Mjomba akanipa dumu la ziada. Sikulipokea. Nikafunga kifuniko.

Akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Mama, mimina."

Aliniita mama, kama anavyoniita nikiwa mgonjwa. Niliinua mkono nikagonga paa mara mbili, na kaka akaondoka.

Mjomba alibaki ameshika dumu lile. Nilifikiri atanipiga, na hajawahi kunipiga. Alilitua chini taratibu, akavua glavu moja, akavua ya pili, akaenda kukaa kwenye gari lake la kuvutia tela, akafunga mlango na kioo akakipandisha, katika joto lile.

Sikuwa na kazi tena. Basi nilimwendea mkaguzi wa fulana ya njano nikamwambia achague dumu lolote, yeye mwenyewe, kutoka kwenye friji ya Barafu, lililojaa hadi mstarini, aliweke juani kando ya meza ya kamati. Akaniuliza la nini. Nikamwambia la kukaa tu. Nadhani alikuwa analifikiria tangu mchana, maana hakuniuliza mara mbili. Barafu alicheka, akasema chukueni mkaoge. Dumu likaletwa limelowa, petroli ikiwa imegusa mstari mwekundu, mkaguzi akafunga kifuniko na kukibandika karatasi yenye saini yake, na mimi nikakaa chini kando yake kama niliyekaa na mgonjwa.

Kwa mbali nilimsikia kaka akipunguza. Injini ile naijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Mizunguko mitatu kabla ya mwisho gari jekundu likampita kwenye njia iliyonyooka, na watu wakapiga kelele kwamba mkate umeliwa.

Mwenyekiti alikuja na kombe amelikumbatia. Barafu tayari alikuwa amesimama na wanawe kwa ajili ya picha. Nikainuka, miguu imekufa ganzi, nikasema kabla hajafungua mdomo:

"Kwanza fungueni tangi letu. Lilianza arobaini na nane, sasa linaingia zaidi. Tumelijaza zaidi mara tatu, na mmiminaji ni mimi."

Kaka alikuwa ndiyo kwanza anavua kofia. Alinitazama kama nimeongea lugha ya ndege. Wakalifungua. Mkaguzi alitoa chupa nane moja moja akazipanga chini, tano nzima, tatu zimepasuka mshono, zinadondosha dizeli. Mwenyekiti alifurahi, na nilimwona akijitahidi kutofurahi. Akasema gari la dizeli limefutwa kwenye matokeo, na akaongeza kwamba hiyo ndiyo sababu kamati iliweka kanuni.

"Sasa hili," nikasema.

Mkaguzi alibandua karatasi yake, akafungua kifuniko. Petroli ilikuwa imepita mstari mwekundu vidole viwili, hakuna aliyeongeza hata kijiko. Watu waliokuwa karibu wakasogea. Mmoja akatia kidole kuthibitisha. Mwenyekiti alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi mwaka mzima, na Barafu akasema, bila kucheka safari hii, kwamba haijaandikwa mahali popote.

"Haijaandikwa," mwenyekiti alikubali. Akampa kombe.

Ndiyo hivyo. Kosa letu lilikuwa limeandikwa, la kwao halikuwa. Watoto wa Barafu wakapigwa picha, mdogo kavaa kombe kichwani. Hasira yangu sasa ilikuwa imesimama vizuri kwa miguu yake, kwa mara ya kwanza tangu saa saba.

"Liandike basi," nilimwambia mwenyekiti. "Petroli ipimwe ikiwa na joto sawa na la dizeli. Sasa hivi, kwenye kitabu hicho hicho mlichoandika lita arobaini na nane."

Akasema kamati itakaa. Nikauliza lini. Akasema mambo hayana haraka, ofisi itafunguliwa Jumatatu. Nikamwambia nilikaa miaka na mama nikingoja mafuta yapande mstari, kungoja ninakujua. Nikaketi kwenye kiti mbele yake, dumu katikati yetu. Mkaguzi akasukuma kalamu juu ya meza, kidogo tu, kwa kidole kimoja.

Watu walianza kuondoka. Kaka alikuwa ameupakia Mkate kwenye tela na kuufunga minyororo. Niliisikia ikilia, halafu ikanyamaza. Injini ya gari la mjomba ikawashwa. Nikajiambia haya, utatembea. Ikaunguruma pale pale, dakika tano, dakika kumi, haiondoki. Halafu honi ikapigwa mara mbili, ngumu, za mtu aliyekasirika.

Sikugeuka. "Ananisubiri," nilimwambia mwenyekiti. "Andika."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akavuta kitabu.